Pesa na Jina Vivuke Pamoja

SWALI

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Naishi Donholm, na mwezi huu nina shughuli mbili kwa mpigo: nauza Mazda Demio yangu ili niongezee pesa za kununua Toyota Fielder ya 2014. Zote ni biashara za mtu na mtu, hakuna yadi katikati.

Fielder niliiona kwenye tangazo mtandaoni. Bei ni shilingi 1,150,000, na nimekwenda kuitazama mara moja jioni katika maegesho ya jengo la maduka. Ni safi, injini inanguruma vizuri. Aliyenionyesha si mwenye gari. Anasema logibuku (hati ya umiliki wa gari) iko kwa jina la kaka yake anayefanya kazi Qatar, na kwamba amepewa ruhusa ya kuliuza. Amenitumia picha ya logibuku kwa WhatsApp. Sasa anataka nitume shilingi 100,000 leo kwa M-Pesa, kwa namba yake, za kushikilia gari, maana kuna mteja wa Thika anayelitaka pia. Salio nilipe taslimu Jumamosi jioni palepale kwenye maegesho, halafu transfa, yaani kuhamisha umiliki, tutaifanya wiki ijayo.

Demio nayo imepata mnunuzi wa 480,000. Ni mtu mpole, ameniita mama tangu siku ya kwanza. Anataka kunipa hundi ya benki Jumamosi alasiri na kuondoka na gari siku hiyohiyo kwa kuwa anasafiri kwenda Kakamega. Tena ameniomba nywila ya akaunti yangu ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ili afanye transfa mwenyewe, nisisumbuke.

Mume wangu anasema naogopa bure, kwamba magari huuzwa hivi kila siku Nairobi. Mimi usingizi haunijii. Nifanyeje nisipoteze gari wala pesa?

Msomaji, Donholm

JIBU

Dada yangu,

Usitume hizo laki moja leo, na usimpe mtu yeyote nywila ya eCitizen. Hayo mawili kwanza. Mengine yanaweza kungoja umalize kusoma.

Woga wako una msingi. Moja unanunua na nyingine unauza, lakini zote mbili zinakutaka ukubali kitu kilekile: kipindi ambacho mwenzako ameshika pesa na gari pamoja, nawe umeshika ahadi. Kwenye Fielder kipindi hicho kinaanza Jumamosi jioni unapokabidhi noti, na kinaisha wiki ijayo transfa ikifanyika, kama itafanyika. Kwenye Demio kinaanza gari likitoka langoni kwako na kinaisha siku benki itakaposema hundi imepita. Kazi yako ni kukifupisha kipindi hicho mpaka kiwe dakika chache tu, mchana, ndani ya benki.

Tuanze na Fielder, maana ndiko kwenye pesa nyingi.

Picha ya logibuku haithibitishi lolote. Picha huhaririwa kwa simu, na hata logibuku ya karatasi unayoishika mkononi huweza kughushiwa. Kinachothibitisha ni rekodi iliyo katika sajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Ingia eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, nenda kwenye huduma za NTSA, uombe rekodi ya gari kwa namba yake ya usajili. Ada ni shilingi 550. Utapata jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikisha haki yake juu ya gari hilo. Usikubali nakala ambayo muuzaji ameitoa yeye akakutumia, kwani nayo huhaririwa kama picha nyingine yoyote. Ifanye mara mbili: sasa, kabla ya kutoa hata shilingi ya arbuni (pesa za kushikilia gari), na tena asubuhi ya siku ya kulipa. Mkopo unaweza kuandikishwa katikati.

Ukiwa na rekodi hiyo, rudi kwenye gari mchana pamoja na makanika wako, si wake. Fielder ya umbo hilo yenye injini ya petroli ya cc 1500, isiyo haibridi (isiyotumia umeme pamoja na petroli) na inayovutwa na magurudumu ya mbele, chesisi yake huanza na NZE161. Haibridi huanza na NKE165. Kama rekodi inasema hili na chini ya boneti mna lile, simamisha mazungumzo. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, usitosheke na kibandiko. Pitisha kidole: herufi ziwe na kina kimoja na nafasi moja. Chuma kilichosuguliwa, rangi mpya mahali hapo tu, au kipande kilichochomelewa ni sababu ya kuondoka. Mwaka nao una hesabu yake, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Kama lilisajiliwa hapa mara ya kwanza 2021, mwaka 2014 unaingia ndani ya kanuni; 2012 usingeingia.

Tunakaa sana kwenye chesisi ilhali umeuliza kuhusu malipo, na ipo sababu. Kuna wizi unaojulikana vizuri jijini. Mtu hukodisha gari kwa siku chache kutoka kwa wakodishaji, hutengeneza logibuku bandia, huliuza haraka kwa taslimu, na namba yake ya simu huzimwa usiku huo. Mwenye gari hulifuata kwa treka, kifaa kinachoonyesha gari liliko, iliyofichwa ndani, na polisi hulikuta nyumbani kwako. Hapo sheria ya uuzaji wa bidhaa haiko upande wako: kwa kawaida mnunuzi hapati haki iliyo kubwa kuliko aliyokuwa nayo aliyemuuzia. Asiyekuwa na gari hakuwa na cha kukuuzia, hata kama ulilipa mpaka senti ya mwisho. Sasa angalia ulivyotuandikia: mwenye gari yuko mbali, haraka, taslimu, jioni, maegesho. Kila moja peke yake lina maelezo mazuri. Yakikusanyika yote kwenye gari moja, tunaogopa nawe.

Kaka wa Qatar huenda ni wa kweli. Wakenya wengi wanafanya kazi huko na magari yao yamebaki nyumbani. Lakini akiwa wa kweli, mambo yake ni mepesi, kwa sababu transfa huanzishwa na mwenye gari mwenyewe kwenye akaunti yake ya eCitizen, na hilo linafanyika Doha kama linavyofanyika Donholm. Mwombe akupigie kwa video akiwa ameshika kitambulisho chake. Mwambie bei ya gari itaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina lake. Kama hawezi kuanzisha transfa mwenyewe, ndugu yake aliye hapa awe na hati ya kisheria ya uwakilishi iliyosajiliwa, na wakili wako aisome kabla hujalipa. "Nimepewa ruhusa" si hati. Na siku nyingine ukiambiwa mwenye gari ni marehemu, jua kwamba anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliye na hati ya mahakama iliyothibitishwa, na si mwingine, awe mjane au kifungua mimba.

Kwa hiyo shika jambo moja: jina liwe lilelile mahali pane. Kwenye rekodi ya NTSA, kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na kwenye akaunti inayopokea pesa. Hapo pa nne ndipo watu hulegea. Wamekagua kila kitu vizuri, halafu dakika ya mwisho wanaambiwa "tuma kwa hii ya mke wangu, yangu ina shida," nao wanatuma. Pesa zikiingia kwa jina lisilo la mwenye gari, mbele ya hakimu utakuwa na kazi ya kueleza kwamba ulilipia gari hilo na si deni la mtu mwingine. Broka, yaani dalali, ana haki ya kamisheni yake, ila asiipate kwa kupokea bei ya gari. Alipwe kivyake.

Rekodi ikionyesha benki au kampuni ya mikopo pamoja na jina la muuzaji, gari bado lina deni. Unaweza kulinunua hata hivyo. Muuzaji alete barua ya mkopeshaji inayoonyesha kiasi cha kumaliza deni na tarehe ambayo kiasi hicho kinakoma, maana riba hailali. Kiasi hicho ukilipe wewe moja kwa moja kwa mkopeshaji, kwenye akaunti ya mkopo ule, na kinachobaki ndicho kiende kwa muuzaji. Mkopeshaji akishaondoa haki yake kwenye sajili, ndipo transfa inawezekana. Usimpe muuzaji pesa eti akamalize deni. Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyowekwa na sheria ya 2017 na kusimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Nayo inapatikana eCitizen. Tafuta kwa namba ya chesisi na kwa kitambulisho cha mwenye gari, kwa sababu gari linaweza kuwa limewekwa rehani kwa mkopeshaji mdogo ambaye hakujisumbua kwenda NTSA.

Sasa arbuni. Muuzaji ana haki ya kujua kwamba huna mzaha, kwa hiyo arbuni si dhambi. Ila hutolewa baada ya rekodi na makanika, kamwe si kabla, na laki moja kwa gari hili ni nyingi mno. Elfu 50 zinatosha, ziende kwa mwenye jina, na ziandikiwe karatasi siku hiyohiyo: bei kamili, kiasi cha arbuni, siku ya kukamilisha, na sentensi moja isiyokosekana, kwamba zitarudishwa zote ikiwa jina, chesisi au rekodi haitalingana, au gari likikutwa na deni ambalo halikutajwa. Bila sentensi hiyo atakwambia umevunja makubaliano wewe. Mteja wa Thika, kama yupo, na alichukue. Fielder si gari adimu. Yadi za Ngong Road na Kiambu Road zimejaa, na matangazo ya wenyewe kwa wenyewe hayaishi.

Siku ya malipo iwe siku ya kazi, na muwe ndani ya tawi la benki kufikia saa tatu asubuhi. Jumamosi jioni iacheni.

Njia ya kulipa inaamuliwa na kiasi. M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja wala zaidi ya 500,000 kwa siku, kwa hiyo gari la milioni halilipiki huko kwa siku moja. PesaLink, kutoka benki hadi benki kwa simu, hufika papo hapo lakini haivuki 999,999 kwa muamala, na benki yako inaweza kuwa imekuwekea kiwango cha chini zaidi. Hundi iliyozidi milioni moja haipokelewi kwenye mfumo wa kubadilishana hundi kati ya benki. Benki Kuu ya Kenya iliweka kikomo hicho 2009. Inayobaki kwa bei yako ni RTGS, njia ya kuhamisha pesa benki hadi benki inayopita kwenye mfumo wa Benki Kuu na kufika siku hiyohiyo ya kazi. Uzuri wa RTGS kwa muuzaji ni kwamba ikishalipwa haigeuzwi kwa mtumaji kupiga simu tu. Ubaya wake kwako ni huohuo: ukikosea akaunti, kuzirudisha ni kazi ya jasho. Kwa hiyo tanguliza shilingi 100 kwa PesaLink, uone jina linalotokea na muuzaji aone zimeingia, kabla hujajaza fomu ya kiasi chote. Kwenye sehemu ya maelezo ya malipo andika namba ya usajili na maneno "bei ya gari". Ni maneno matatu, lakini siku ya mzozo ndiyo yatakayokuokoa. Kama nyote mna akaunti katika benki moja, bahati yenu: uhamisho wa ndani huonekana mara moja, wala hamtahitaji RTGS.

Mpangilio wenyewe uwe hivi. Mkataba wa mauzo unatiwa sahihi kwanza, mbele ya wakili, ukiwa na majina kamili, namba za vitambulisho na PIN, namba ya usajili, chesisi, injini, kilomita zinazosomeka siku hiyo, bei, na namna ya kulipa. Kisha muuzaji anafungua eCitizen yake akiwa mbele yako (au kaka yake akiwa kwenye video), anajaza ombi la transfa kwa kitambulisho chako, na anasimama kwenye ukurasa wa mwisho bila kubonyeza. Unalipa. Mnangoja pamoja. Yeye anaangalia salio lake kwa njia yake mwenyewe, si kwenye karatasi yako wala picha ya skrini yako. Pesa zikionekana anabonyeza, wewe unaingia akaunti yako na kulikubali ombi hapohapo, na funguo zote mbili pamoja na makaratasi vinahama mkono. Ada ya NTSA hutegemea ukubwa wa injini. Mkubaliane mapema nani anailipa, msije mkagombana mbele ya mhudumu wa benki kwa sababu ya elfu chache.

Omba pia ubakize kiasi kidogo mpaka umiliki usomeke kwa jina lako. Kwa bei hii, arbuni 50,000, malipo ya siku hiyo 1,070,000, na 30,000 zibaki kwa wakili, ziandikwe kwenye mkataba. Muuzaji ambaye bado ana elfu 30 zake mahali hujibu simu kama ombi la transfa lina kasoro ya kurekebisha. Aliyelipwa zote huchelewa kuiona simu.

Kama hamwaminiani hata kwa hiyo nusu saa ya kungoja, pesa zote zinaweza kupitia akaunti ya wateja ya wakili. Unalipa huko, muuzaji anaonyeshwa zimefika, transfa inafanyika, wakili anamlipa. Mchague wakili wewe. Hakikisha kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria Kenya, LSK, kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, na umtembelee ofisini. Wapo wanaojiita mawakili wenye namba ya simu tu. Akaunti iwe ya ofisi ya mawakili na iandikwe kuwa ni ya wateja; ya wakili binafsi haifai. Mkubaliane ada yake kwa maandishi kabla hajaanza.

Kuhusu taslimu hatuna maneno mengi. Milioni moja kwenye mkoba, jioni, mahali alipopachagua mtu usiyemjua, haiwezekani kuwa busara, na noti bandia hazionekani kwenye mwanga wa maegesho. Muuzaji aking'ang'ania noti, mtimizie ndani ya benki yake: mhudumu azihesabu na kuzipitisha kwenye mashine, ziingie akaunti yake dirishani, nawe uondoke na risiti yenye muhuri. Akikataa na hilo, amekupa jibu.

Kabla hujaliendesha kutoka hapo, uwe na bima yako. Bima ya muuzaji haihamii kwako pamoja na gari. Cheti cha mwezi mmoja cha bima ya madhara kwa watu wengine (thadi pati) hupatikana siku hiyohiyo kwa simu. Kiwe tayari asubuhi, kwa namba ya gari na jina lako.

Sasa Demio.

Mnunuzi mwenye 480,000 benki hana sababu ya kukuletea hundi. Kiasi hicho kiko chini ya kikomo cha PesaLink, na PesaLink hufanya kazi Jumamosi, Jumapili na usiku wa manane. Benki yake ikiwa imempa kiwango cha chini, atagawa mara mbili. Mwambie hivyo kwa upole uleule aliokuonyesha, umsikilize atakavyojibu.

Jumamosi alasiri ni saa inayompendeza tapeli. Matawi mengi yamefungwa, huna wa kumpigia, na mpaka Jumatatu benki zinapofunguliwa gari limeshavuka Nakuru. Hundi ya benki huheshimiwa kwa sababu benki yenyewe ndiyo iliyoitoa, na ndiyo maana hughushiwa. Ukilazimika kuipokea, ipokee asubuhi ya siku ya kazi, piga simu kwa tawi lililoitoa kwa namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya benki, uwasomee namba ya hundi, kiasi na jina lako. Hata wakikubali, iweke kwenye akaunti yako na gari lisitoke. Akaunti huweza kuonyesha salio la kitabuni ambalo tayari lina zile 480,000 huku salio unaloweza kutumia likiwa palepale lilipokuwa. Angalia hilo la pili. Kutoa hundi isiyo na pesa ni kosa chini ya kifungu 316A cha Kanuni ya Adhabu, lakini mshtakiwa akiwa kortini Demio yako itakuwa imeshafunguliwa vipuri mahali.

Kuna mchezo unaoandamana na hundi, nao ukiusikia ufunge mlango. Analeta ya 530,000, anasema karani amekosea, anakuomba umrudishie 50,000 kwa M-Pesa. Unarudisha pesa za kweli kutoka mfukoni mwako, siku mbili baadaye hundi inakataliwa.

Akipendekeza M-Pesa, hesabu inawezekana kwa shida: 250,000 kisha 230,000, mradi salio lako la sasa lisizidi 20,000, kwa kuwa akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Hatuipendi sana. Ujumbe wa kupokea pesa hughushiwa kirahisi, hivyo usisome ujumbe, piga *334# uangalie salio. Na mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kutuma ujumbe wake kwa namba 456, madai yakichunguzwa pesa zikiwa zimeshikiliwa. Kwa bei ya gari, akaunti ya benki ni imara zaidi.

Nywila yako, mama, ni wewe mwenyewe mbele ya serikali. Humo mna leseni yako ya udereva na huduma nyingine unazoziomba kwa jina lako. Atakayeingia humo anaweza kuanzisha transfa ya Demio kwa mtu amtakaye, saa aitakayo, na sajili itaonyesha kwamba uliomba wewe. Msimbo unaotumwa kwa simu wakati wa kuingia ni sawa na nywila. Usiusome kwa sauti, hata kama anayeuliza anasema yuko Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, anakusaidia. Transfa ya Demio utaifanya wewe, kwa simu yako, na si kazi kubwa.

Akitaka kulijaribu gari, akuachie kitambulisho halisi na si nakala, ukae naye ndani, funguo ya akiba ikibaki nyumbani. Akirudisha funguo, ujaribu kuwasha gari kabla hajaondoka, kwa sababu funguo hubadilishwa na inayofanana.

Pesa zikishaingia, bonyeza transfa siku hiyo, usimwachie aseme ataifanya akifika Kakamega. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwenye sajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na inatoa siku 14 umiliki mpya usajiliwe. Akigonga mtu Jumapili na jina bado ni lako, karatasi za mahakama zitakuja Donholm. Mwandikiane hati ya makabidhiano yenye tarehe, saa na dakika, kilomita, na sahihi zenu. Akiomba naye abakize elfu chache mpaka jina libadilike, usikasirike. Ni haki ileile unayoiomba kwenye Fielder. Kisha ijulishe kampuni yako ya bima kwamba umeuza, ufute bima, uulize kama kuna sehemu ya malipo ya miezi iliyobaki utakayorudishiwa.

Na kama tunakuandikia umechelewa, laki moja imeshaenda: peleka ujumbe wa muamala kwa 456 sasa hivi, upige simu kwa huduma kwa wateja, kisha kituo cha polisi ukachukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ukiwa na picha za mazungumzo, tangazo, namba za simu na logibuku aliyokutumia. Hapo dakika ndizo pesa, kwa sababu zikishatolewa kwa wakala hakuna cha kushikilia.

Upange hivi. Demio kwanza, Jumatatu au Jumanne asubuhi, ili pesa zake ziwe zimetulia benki kabla hujamwahidi mtu. Fielder Alhamisi. Leo jioni mtumie muuzaji ujumbe: "Nimelipenda gari. Nitafanya rekodi NTSA na kuja na makanika mchana. Ikiwa sawa, nitamlipa kaka yako kwa RTGS katika benki atakayochagua, siku ya kazi, na yeye aanzishe transfa hapohapo. Naomba jina lake kamili na siku anayoweza kuzungumza nami kwa video." Mwenye gari la kweli atauliza saa ngapi.